Sambaza wa Kivu: Zawadi na Deni

Tukitembelea wakristu wetu wa kando ya ziwa, mvuvi anaweza kutuuliza: «Padri, kuvua kwa chandarua ni dhambi?» Kabla ya kumjibu, yatupasa kujua mambo ya ziwa lenyewe. Mwalimu asiyejua anafundisha bure.

1. Ziwa lilivyokuwa zamani

Kivu lina eneo la kilometa za mraba 2,400 hivi, na kina chake kinafika mita 485. Lakini chini ya mita 70 hivi maji hayana hewa ya kuwafaa samaki, yamejaa gazi. Viumbe wanaishi katika maji ya juu tu. Zamani volkano za Virunga zilifunga njia ya maji kwenda kaskazini, na leo yanatokea kwa Ruzizi kwenda Tanganyika. Samaki wa Kivu walikuwa wa aina chache, na wengi walikaa karibu na ukingo, kati ya mawe na majani. Kati yao ziko aina 15 za haplokromi zisizopatikana mahali pengine duniani. Katikati ya ziwa walijaa wadudu wadogo mno wa maji, wala hapakuwa na samaki wa kuwala.

2. Mgeni kutoka Tanganyika

Kati ya mwaka 1958 na 1960, wakati wa Wabelgiji, vifaranga vya samaki wadogo vilitolewa Tanganyika vikatiwa katika Kivu. Aliyeshika ni mmoja tu, Limnothrissa miodon, ndiye sambaza wetu. Alikuta chakula tele pasipo mshindani, akaongezeka. Wavuvi wakajifunza kumvua usiku: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja, taa inawashwa, sambaza anaufuata mwanga, na wavu unainuliwa kutoka chini. Leo mama asiye na franka za kununua nyama anawapa watoto sambaza, wanamla mzima pamoja na mifupa yake. Hiyo ni neema, tusiidharau.

3. Deni

Lakini mgeni huyo alikula nini? Mdudu mmoja mkubwa kuliko wenzake, Daphnia curvirostris, alitoweka katika Kivu. Huyo alikula kwa wingi majani madogo ya maji, yale yasiyoonekana kwa macho. Mwaka 1986 mtaalamu H. J. Dumont aliogopa kwamba sambaza angemaliza chakula chake, naye mwenyewe akaanguka. Haikuwa hivyo, sambaza yuko hata leo. Lakini mdudu yule hakurudi. Tena mwaka 2006 alionekana mgeni mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, anayeshindana na sambaza kwa chakula.

Hayo yalifanywa na watu waliotutangulia. Yetu sisi ni mengine. Chandarua kinakokotwa ukingoni, ambako sambaza wadogo wanakua na haplokromi wanakaa: kinabeba mtoto pamoja na mzazi. Vilima vya Bukavu vimeachwa bila miti, na mvua inashusha udongo majini. Plastiki tunazotupa katika mifereji zinafika mpaka baraji la Ruzizi na kusumbua mashine za umeme.

4. Tumjibu nini mvuvi?

Kitabu cha Mwanzo kinaonyesha kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza; na Papa Fransisko alitukumbusha wajibu huo mwaka 2015 katika barua yake Laudato si'. Basi, kuua vifaranga kwa kujua, ili kupata faida ya leo tu, ni kumwibia jirani na watoto watakaozaliwa. Lakini baba mwenye njaa nyumbani tusimhukumu kama tajiri anayemkodisha nyavu hizo. Tumsaidie kwanza: wavuvi wa parokia wakusanyike, wanunue pamoja wavu wenye matundu ya kufaa, wapatane kuacha mahali pa kuzalia. Na sisi wenyewe tuanze nyumbani: takataka za seminari na za misioni zinaishia wapi? Tusipoweza kujibu hilo, mvuvi hatatusikiliza.