Mji Ulipolishwa na Shamba

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kulihesabu bara kuwa ni kitu kimoja. Mtu akishapita Mariakani tunasema amekwenda bara, na akirudi tunasema ametoka bara. Hatumwulizi kama alikuwa mjini au mashambani. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka 2021, niliponaswa Nakuru kwa siku 35. Hapo ndipo nilipojua kwamba kutoka mtaa wa Bondeni hadi Molo ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, lakini maradhi ya korona yalikuwa yamezifanya nchi mbili.

Safari yangu ilikuwa na sababu. Mama yetu alifariki Mombasa mwezi wa Juni 2020. Njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 8 Aprili, na hazikufunguliwa mpaka Julai. Dada yangu mdogo, ambaye ameolewa Nakuru yapata miaka 20, hakuweza kuja. Mama alizikwa siku ile ile kama ilivyo ada yetu. Tukasimama watu wachache makaburini, kila mmoja mbali na mwenzake, naye dada akayasikiliza maziko kwa simu niliyoishika mkononi. Haraka ya maziko hatukuikosa. Tuliwakosa watu. Basi ilipofika Machi ya mwaka uliofuata nikafunga kifurushi cha kanga mbili za marehemu, tasbihi yake na msahafu wake, nikashika njia.

Nilifika siku ya Jumatano. Ijumaa, tarehe 26 Machi 2021, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zimefungwa kwa pamoja, wa ndani asitoke na wa nje asiingie. Kafyu ikawa inaanza saa mbili za usiku, ibada za mkusanyiko zikasimamishwa, na mikahawa ikaruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu. Dada aliisikia habari hiyo redioni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimkabidhi kile kifurushi. "Sasa huendi popote, kaka," akaniambia. "Mama amekufungia mlango."

Kwa msomaji asiyeijua, Bondeni ni mtaa mkongwe wa Nakuru wenye Waislamu wengi, na Kiswahili hapo si mgeni. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na watu wa kila namna wakaja nayo. Reli hiyo hiyo ndiyo iliyoyapandisha mafua makuu ya mwaka 1918 kutoka bandari yetu ya Mombasa hadi bara, stesheni baada ya stesheni. Kwa hiyo mji ule si mara yake ya kwanza kuletewa maradhi na njia iliyouletea riziki.

Shemeji yangu ni dereva wa matatu ya tajiri, Nakuru kwenda Eldoret na kurudi. Eldoret iko nje ya mpaka uliowekwa. Asubuhi ya Jumamosi gari likabaki limeegeshwa, na malipo ya siku yakakoma siku hiyo hiyo. Mtu wa mjini hula kwa siku. Hata mwenye kazi nzuri, ukimchungua utaona kwamba baina yake na njaa pana juma moja au mawili. Nilikwenda na shemeji Kaptembwo kumtazama utingo wake, nikaona vyumba vya kupanga vimepangana kama meno, mfereji mmoja wa watu wa kiwanja kizima, na ndoo za njano zimewekwa foleni zikisubiri zamu ya maji. Tuliambiwa tunawe mikono kila wakati na tukae mbalimbali. Maneno yale yalikuwa ya haki, lakini mwenye kuyasema sidhani aliwahi kulala watu sita katika chumba kimoja.

Mwaka uliotangulia mambo yalikuwa mazito zaidi upande wa Naivasha. Ndege za mizigo zilipopungua na masoko ya Ulaya yalipoanguka, mwezi wa Machi na Aprili 2020, mawaridi yaliyokuwa tayari kusafirishwa yalitupwa kwa malori, na maelfu ya vibarua wa mashamba ya maua wakarudishwa nyumbani. Hawa ni watu ambao mahali pao pa kazi ni shamba, lakini maisha yao ni ya mjini kabisa: chumba cha kodi, unga wa dukani, mshahara wa mwezi. Walifanya kazi ya udongo bila ya kuwa na udongo wao. Wengi walifunga virago wakarejea kwa wazazi, na huko kijijini wakapokewa kwa jicho la wasiwasi, kwamba huyu atokaye mjini amebeba nini.

Juma la pili la Aprili, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, baba mdogo wa shemeji alipiga simu kutoka Molo. Mzee huyu ni Mkikuyu na ni Mkristo. Kakake, babake shemeji, ndiye aliyesilimu zamani alipokuja Nakuru kutafuta kazi. Alisema maneno machache: njoni mchukue chakula.

Shemeji hakwenda siku ile, wala ya pili yake. Nilidhani ni nauli, maana matatu zilikuwa zikibeba abiria pungufu na kutoza zaidi. Dada akaninong'oneza jikoni kwamba si nauli, ni haya. Miaka yote ya ndoa yao shemeji ndiye aliyekuwa mkono wa kutoa. Karo za watoto wa Molo, dawa ya ng'ombe, sukari na unga wa ngano kila Krismasi, hata mabati ya jiko la yule mzee, vyote vilitoka Bondeni. Leo aende na gunia tupu? "Angeitwa kulipa deni angekwenda mbio," dada akasema.

Ikabidi mimi niwe kisingizio. Nikatangaza mbele ya watu kwamba nina hamu ya kuiona nchi ya Mau kabla sijarudi kwetu, na ni aibu shemeji kunificha mgeni wa pwani. Tukaondoka asubuhi.

Molo ni baridi, ndugu zangu. Sisi tunaotawadha kwa maji ya vuguvugu ya Mombasa tusijisifu kwa ibada zetu za alfajiri mpaka tumeyajaribu maji ya Molo. Ardhi yake ni nyeusi, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Watu walikuwa mashambani wakipanda viazi, bila barakoa, bila haraka, kama kwamba redio zao hazikusema lolote. Barakoa niliziona zimetundikwa misumarini karibu na mlango, kama kofia za kwendea sokoni, kwa sababu ya askari walioko barabarani.

Lakini langoni kwa yule mzee palikuwa na kibuyu chirizi, dumu dogo limefungwa kamba na kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni kinaning'inia. Tukanawa. Mzee alikuwa amekaa upande wa pili wa ua, na viti vyetu viwili vikiwa upande huu. Hakutupa mkono. Mkewe alileta githeri, akaiweka juu ya kigoda katikati ya ua, akarudi nyuma, ndipo tukaenda kuichukua. Akatuhakikishia kwa mbali kwamba haina nyama, tusiwe na shaka.

"Msidhani nawachukia," mzee akasema kwa sauti kubwa. "Nyinyi mnatoka mahali mnapopumuliana."

Kwao yeye, maradhi yalikuwa ni mali ya mjini. Na ajabu ni kwamba katika mazungumzo yale yale alitueleza kwamba mwezi wa Januari alishikwa na mafua mabaya hata chai ikawa haina harufu puani mwake, na kwamba jirani yake amekufa kwa kifua. Hakuna aliyepimwa. Zahanati ilikuwa na dawa ya maumivu, na hospitali kubwa iko mjini. Hesabu zile tulizosomewa kila alasiri zilikuwa za waliopimwa, na waliopimwa ni walioishi karibu na kipimo; kwa hiyo mji ulionekana mgonjwa na shamba likaonekana zima.

Kilichomuudhi zaidi ni maziko ya huyo jirani. Serikali ilikuwa imeamuru maiti azikwe ndani ya saa 72, na waombolezaji wasizidi 50. Huko kwao msiba huchukua juma zima na zaidi: kamati, michango, picha ya marehemu, jamaa wa mbali kusubiriwa. "Tulimzika mbio mbio," akalalamika, kisha akanitazama, "kama Mwislamu." Mkewe akamkemea. Mimi nikacheka, nikamweleza kwamba kwetu haraka ile ni heshima ya maiti, si dharau. Halafu nikajikuta namsimulia habari za mama na ile simu mkononi. Akanyamaza. Ndipo akasogeza kiti chake mbele kidogo, labda hatua mbili.

Magunia yalikuwa tayari: moja la viazi vya akiba ya mavuno yaliyopita, mawili ya kabeji, na dumu la maziwa. Shemeji akaanza kushukuru, mzee akamkata. Alisema wachuuzi waliokuwa wakichukulia mikahawa kabeji hawaji tena, mali inaoza, na tukiibeba ndio tunamsaidia kusafisha shamba. Hilo la wachuuzi lilikuwa kweli, kila mkulima tuliyezungumza naye alilia kilio hicho. Mjini chakula hakinunuliki, na shambani hakiuziki. Lakini aliyeyafungua magunia Bondeni usiku ule ni mimi, na sikuona kabeji hata moja iliyooza. Zilikuwa zimechaguliwa. Shemeji alizitazama, akatoka nje, akakaa uani peke yake mpaka filimbi za kafyu.

Viazi vile ndivyo tulivyofuturia, na nusu vilikwenda Kaptembwo kwa utingo. Misikiti ilikuwa imefungwa. Tarawehe tulisali sebuleni, mimi mbele, shemeji na wanawe nyuma, dada mwisho kabisa na kanga ya mama. Usiku mmoja mpwa wangu akaniuliza: "Mjomba, mtu akikimbia maradhi si anamkimbia Mungu?" Nikamsimulia kisa tulichosomeshwa chuoni, cha Sayyidna Umar aliyekuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akapewa habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari kwenda katika kadari, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye ngambo mbili, moja ya majani na moja kavu; alishe huku au kule, analisha kwa kadari ile ile. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf na hadithi ya Mtume (s.a.w.), kwamba penye tauni usiingie, na ikiwa umo usitoke kuikimbia. Abu Ubaida mwenyewe alibaki Sham, akafa kwa tauni hiyo ya Amwas.

Mtoto akafikiri. "Na yule wa ngambo kavu," akauliza, "nani alimpelekea majani?" Sikuwa na jibu la kitabuni. Shemeji akajibu: "Babu yako wa Molo."

Njia zilifunguliwa tarehe 1 Mei. Nakuru imekuwa jiji tangu Disemba 2021, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya maradhi yale imekwisha. Shemeji amerudi barabara ya Eldoret. Sukari ya Krismasi inakwenda Molo kama zamani, ila sasa gari la sukari halirudi tupu, mzee hakubali.

Nami nilipoondoka nilikuta robo gunia ya viazi imeshapakiwa chini ya basi, imeandikwa jina langu. Mwezi uliofuata nikampelekea mzee nazi 12. Alipiga simu jioni ile ile kuuliza zinapasuliwa vipi, kwa kuwa shoka lilikuwa limezimwaga mbili za kwanza.