Stendi ya kamera: Olkaria inadai ipi?

Ukiingia mbuga ya Hell's Gate kupitia lango la Elsa, baiskeli uliyokodi ndiyo itakayoamua stendi utakayobeba. Humu mgeni anaruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala, na kila kilo mgongoni huhesabika ukianza kupanda kuelekea visima vya mvuke vya Olkaria. Kwa hiyo usinunue stendi kwa kutazama urefu wake dukani. Jiulize kwanza utaibeba vipi, na utapiga nini.

Mvuke ndio unaowaleta wengi. Umeme wa jotoardhi umezalishwa Olkaria tangu 1981, na mvuke wa visima hupanda mchana na usiku. Ukiupiga kwa moja ya mia tano ya sekunde, unapata wingu lililoganda. Jioni, shata ikikaa wazi sekunde mbili, mvuke unalainika na kutiririka huku mabomba yakibaki makali. Hakuna mkono unaotulia muda huo, na upepo wa Bonde la Ufa hautulii pia. Hapa napendelea aluminiamu nzito kuliko kaboni nyepesi, labda uwe na pesa na mgongo mbovu. Fungua kwanza vipande vinene vya miguu. Vile vyembamba vya chini viwe vya mwisho. Nguzo ya katikati usiinue, maana ukishaiinua kamera imesimama juu ya mguu mmoja. Kwenye mteremko, miguu miwili ielekee chini. Ning'iniza begi kwenye ndoano, liguse ardhi kidogo lisibembee, kisha upige kwa kutumia kipima muda cha sekunde mbili.

Tumbusi wanaokaa kwenye majabali ni habari nyingine kabisa. Ndege anayepaa hakungoji ulegeze skrubu tatu. Mwenye lenzi ya milimita 600 na gari anufaike na kichwa cha gimbali, kinachoibeba lenzi penye kitovu cha uzito wake ili izunguke kwa kidole. Mwenye baiskeli achukue stendi ya mguu mmoja. Inapunguza mtikisiko, inaondoa uzito mikononi, na inafungwa kwenye fremu bila shida.

Ukiendelea hadi mbuga ya Ziwa Nakuru, ambako hushuki garini ila palipotengwa, mfuko wa kitambaa uliojaa maharagwe juu ya dirisha, injini ikiwa imezimwa, unashinda stendi yoyote ya bei.

Mwenye pesa za stendi moja tu anunue ya miguu yenye vipande vitatu, inayohimili angalau mara mbili ya uzito wa kamera na lenzi yake nzito zaidi. Kufuli ziwe za kubana kwa kidole. Zile za kusokota humeza vumbi la majivu ya volkeno la hapa, laini kama unga, na zikishalimeza hukwaruza kila zikifunguliwa. Pangusa miguu kwa brashi kavu kabla ya kuikunja. Maji hugeuza vumbi hilo kuwa tope ndani ya kufuli.