CHAJA YA BETRI IMEGOMA: TUANZIE WAPI?



Kuanzia mwezi wa kumi, korosho zikianguka, magari ya mzigo hayapati usingizi hapa Nkowe, wala kwingine katika Ruangwa na Nachingwea. Magunia yanatoka vijijini kwenda ghala la chama cha msingi. Kutoka hapo yanakwenda ghala kuu kusubiri mnada.

Tuchukue mfano. Alfajiri moja dereva anapiga stata. Kimya. Anasema, "Betri imekufa." Anaifunga kwenye chaja usiku kucha. Asubuhi anajaribu tena. Kimya vilevile. "Kumbe na chaja nayo imeungua!" Anakopa fedha, anapanda basi, ananunua chaja mpya mjini. Anaifunga. Na betri bado haishiki chaji.

Fedha imekwenda, siku mbili zimekwenda, mzigo bado uko uani. Kosa la dereva huyu ni nini? Alihukumu kabla ya kupeleleza. Leo tujifunze kupeleleza. Kanuni ni moja tu: tuufuate umeme kutoka ukutani hadi kwenye betri, hatua moja moja, bila kuruka.

CHAJA HUFANYA KAZI GANI?

Umeme wa ukutani kwetu ni wa volti 230. Tena unakwenda na kurudi, mara 50 kila sekunde. Betri ya gari haiwezi kuula umeme huo. Betri inataka umeme mdogo, tena unaokwenda upande mmoja tu.

Ndani ya chaja ya kizamani mna vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni transfoma. Hiyo hupunguza volti. Cha pili ni dayodi. Dayodi ni kama valvu ya tairi la baiskeli: upepo unaingia, lakini haurudi. Ndivyo dayodi inavyoachia umeme upande mmoja na kuuzuia upande wa pili.

Sasa tukumbuke kwamba maji hayapandi kilima. Tangi sharti liwe juu ndipo maji yashuke kwenye ndoo. Volti ni kama kimo cha tangi. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, ina volti 12.6 hivi. Kwa hiyo chaja sharti iwe juu zaidi, yaani ifikie volti 14 na kidogo. Chaja ikitoa 12 tu, taa yake itawaka, itanguruma, lakini betri haitapata kitu.

KWANZA USALAMA

Betri ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo hulipuka. Kwa hiyo tuchajie mahali penye hewa, si chumbani wanapolala watoto. Sigara, kibatari na moto wa jikoni vikae mbali.

Tufunge vibanio kwenye betri kwanza, ndipo tuwashe swichi ya ukutani. Tukimaliza, tuzime ukutani kwanza, ndipo tutoe vibanio. Tukifanya kinyume, cheche huruka juu ya betri penye gesi. Watu wamepoteza macho kwa cheche moja.

Ndani ya betri mna tindikali. Ikimwagikia ngozi, tuoshe mara moja kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, tuoshe kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha twende hospitali bila kuchelewa.

HATUA SABA ZA KUTAFUTA KOSA

1. Ukutani. Chomeka taa au redio kwenye soketi ile ile. Inafanya kazi? Kama haifanyi, chaja haina hatia. Umeme ukiwepo, je, unatosha? Nyumba ikiwa mwisho wa laini, jioni umeme unaweza kushuka na taa zikafifia. Tupige hesabu. Chaja ya transfoma inayotoa volti 14.4 kwa umeme wa 230, itatoa kama 11.3 tu umeme ukishuka hadi 180. Maji hayapandi kilima! Jaribu tena usiku wa manane au alfajiri, umeme ukiwa na nguvu.

2. Plagi na waya. Chomoa kabisa. Angalia kama waya umekatika karibu na plagi au pale unapoingia kwenye kasha. Hapo ndipo waya hujipinda kila siku. Panya nao wanapenda waya. Plagi nyingi za kwetu zenye meno matatu zina fyuzi ndogo ndani. Huenda ni hiyo tu iliyoungua.

3. Swichi ya volti. Chaja nyingi zina swichi ya 6 na 12, au ya 12 na 24. Mtoto akiigusa, kazi imeharibika. Gari dogo na pikipiki nyingi hutumia volti 12. Malori mengi hutumia 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatana. Tukichaji betri moja ya 12 kwa 24, tutaichemsha mpaka tuiue.

4. Fyuzi ya chaja. Iko mbele au nyuma ya kasha. Mara nyingi huungua mtu akigeuza vibanio, chekundu kwa hasi na cheusi kwa chanya, au akivigusanisha. Weka fyuzi nyingine yenye ampea zile zile. Msiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi! Fyuzi ni mlinzi. Ukimfukuza mlinzi, kosa litakalofuata litaunguza chaja, pengine na nyumba.

5. Vibanio. Angalia penye meno ya vibanio na vichwa vya betri. Je, pana unga mweupe au wa kijani? Unga huo huzuia umeme. Betri ikiwa imefunguliwa, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo nje ya vichwa, lakini yasiingie ndani. Kausha, kisha sugua kwa msasa hadi ving'ae. Kibanio kilicholegea ni sawa na waya uliokatika.

6. Betri yenyewe. Hapa ndipo wengi tunakosea. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba kina volti 2.1. Zidisha: 2.1 mara 6 ni 12.6. Chaji betri, toa chaja, iache itulie saa kadhaa, kisha pima kwa mita. Ikisoma 12.6, imejaa. Ikisoma 12.2, iko nusu. Ikisoma 12 au chini, karibu ni tupu. Na kama baada ya kuchajiwa kucha inarudi palepale kwenye 10.5? Toa: 12.6 kasoro 2.1 ni 10.5. Chumba kimoja kimekufa. Hapo hata chaja ya Ulaya haitasaidia.

Tazama pia maji ya betri. Kama betri ina vifuniko na maji yameshuka hadi vibao vinaonekana, ongeza maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa tena kuwa maji. Maji ya kisima yana chumvi, yanaua betri. Wala msiongeze tindikali. Dukani vyote viwili watu huviita "maji ya betri", basi tusome maandishi ya chupa kabla ya kununua.

7. Chaja. Sasa ndiyo zamu yake. Kama ni ya kizamani, gusisha taa ya gari ya volti 12 kwenye vibanio, mbali na betri. Ikiwaka vizuri, chaja ni hai. Ikiwa hafifu sana na chaja inanguruma kuliko kawaida, huenda dayodi moja imekufa.

Lakini kuna chaja za kisasa, zenye taa ndogo na kompyuta ndani. Nyingi za hizo hazitoi umeme mpaka zione betri. Ukipima vibanio vitupu, mita itasoma sifuri, nawe utasema mbovu, kumbe nzima. Tena betri iliyoisha kabisa inaweza isionekane, na chaja ikakataa. Chaja ya namna hii ijaribiwe kwa betri nyingine tunayojua ni nzima. Ikiichaji hiyo, mgonjwa ni betri yetu.

KUPIMA BETRI IKIWA KWENYE CHAJA

Kama kijiji kina mita moja ya kupimia umeme, inatosha. Pima vichwa vya betri kabla ya kuwasha chaja, tuseme inasoma 12. Washa, pima tena. Ikipita 13 na kupanda polepole kuelekea 14, chaja inafanya kazi. Ikibaki 12 bila kusogea, umeme haufiki: rudi hatua ya kwanza hadi ya tano. Ikiruka upesi hadi 15 huku mshale wa ampea ukilala chini, vibao vya betri vimeganda na betri haipokei.

Tuwe na subira pia. Kwa kawaida betri ya gari huchajiwa kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Betri ya 70 hupewa ampea 7, na itahitaji zaidi ya saa kumi. Betri ya pikipiki ni ndogo mno, haitaki chaja kubwa ya lori. Na betri za litiamu, ambazo siku hizi zinakuja na sola, zina chaja zake zenyewe. Tusizichanganye.

TUISHIE WAPI?

Tuishie kwenye kasha. Tusilifungue kama hatukusomea kazi hiyo. Ndani mna volti 230, na chaja nyingine huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Hapo ni kazi ya fundi.

Lakini tusiende kwa fundi mikono mitupu. Tuchukue daftari. Tuandike: soketi nzima, fyuzi nzima, betri 12.5, chaja haipandishi volti. Mtu akisema tu "imeharibika", atalipia hata kisichoharibika. Mwenye daftari hayumbishwi.

Wazee wa Nachingwea wanayo habari ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Mashine nyingi zililetwa, nyingi zikaharibika mapema, zikawa vyuma vya kukaa juani. Mashine bila maarifa ya kuitunza ni mzigo. Chaja ni mashine ndogo, lakini somo ni lile lile.

Basi turudi kwa dereva wetu. Kama angeanza na mita, angekuta betri inasoma 10.5. Angenunua betri, si chaja. Mzigo ungeondoka siku ile ile.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tuzime ukutani kabla ya kutoa vibanio?
2. Betri inasoma 10.5 baada ya kuchajiwa usiku kucha. Imepatwa na nini? Onyesheni hesabu.
3. Je, kijijini kwetu inafaa tuchangie mita moja? Nani ataitunza?