Picha Zikigandaganda: Kipi Ulipie Kwanza, Kipi Kisubiri

Inauma kuona familia imenunua king'amuzi kipya, kumbe kilichokuwa kimeharibika ni konekta iliyoliwa na kutu. Kabla ya kutoa hela, fungua menyu ya king'amuzi utazame mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, mara nyingi dishi limehama au limezibwa. Yote miwili ikiwa sifuri, shuku waya, konekta au LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachonasa mawimbi). Kundi moja la chaneli likipotea huku mengine yakionekana safi, LNB au waya ndio wa kuchunguzwa: king'amuzi huipelekea LNB volti 13 au 18 ili kuchagua mawimbi ya wima au ya mlalo.

Yasiyo na gharama

Azam TV iko kwenye satelaiti ya digrii 7 mashariki, DStv kwenye digrii 36. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, dishi la Azam hutazama magharibi, likiinuka kiasi cha nusu ya anga, kwa hiyo mwembe uliorefuka au ghorofa jipya la jirani huliziba upesi. La DStv hupokea kutoka karibu na utosini, na kwa kuwa limelala zaidi, majani hukaa juu yake. Safisha, kaza nati, pogoa matawi. Mvua kubwa ikikata picha kisha zikarudi zenyewe, usimlipe mtu.

Konekta na waya

Katika vya kulipia, hapa ndipo pa bei ndogo kuliko pote, na pwani chumvi huanzia hapa. Zima king'amuzi, fungua konekta: shaba ikiwa nyeusi au kijani, kata hadi ufike penye shaba safi. Kama maji yameingia ndani, badilisha waya wote. Chagua waya wa aina ya RG6, usiungeunge vipande.

LNB

Ni ghali kuliko konekta, lakini nafuu sana ukilinganisha na king'amuzi. Azima kwa jirani ya aina ileile ujaribu kabla ya kununua.

Fundi mwenye mita

Dishi la sentimita 90 hupokea vizuri ndani ya upana wa digrii 2 hivi tu. Upepo ukilisogeza kidogo, ubora huporomoka. Fundi anayekisia kwa macho, bila mita ya kupima mawimbi, atakurudisha kwenye tatizo lilelile. Patana naye kabla hajapanda, bei ya ufundi na ya vifaa itajwe kila moja peke yake, na akuoneshe ubora wa kabla na wa baada.

Dishi kubwa au kiongeza mawimbi?

Dishi la sentimita 90 lina eneo mara 2.25 ya lile la 60, hivyo huvumilia mvua zaidi. Ila hudai nguzo imara na ulengaji makini zaidi. Linunue pale tu ambapo dogo limelengwa kwa mita na bado manyunyu yanakata picha. Kiongeza mawimbi hukuza na kelele pia. Kinafaa penye waya mrefu sana, hakiponyi dishi lililohama.

Kwa nyumba nyingi, ushauri wangu ni huu: konekta na waya kwanza, kisha fundi mwenye mita, LNB ikithibitika mbovu ibadilishwe. King'amuzi kipya na dishi kubwa visubiri mpaka hayo yote yamekaguliwa.