Mboga mbichi zilistawi Antaktika bila udongo wala jua

Katika Kituo cha Neumayer III barani Antaktika, baridi huweza kupita nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa takribani miezi miwili kila mwaka jua halichomozi kabisa. Hata hivyo, mwaka 2018 wakazi 10 waliobaki katika kituo hicho cha utafiti cha Ujerumani walikula saladi, matango na nyanya zilizochumwa mita 400 tu kutoka mezani pao.

Majira ya baridi yakiingia, kituo hicho hukatika na ulimwengu kwa miezi kadhaa. Hakuna meli wala ndege inayofika. Matunda na mboga mbichi zilizoletwa huisha mapema, na wakazi hubaki na vyakula vya makopo, vya kukaushwa na vilivyogandishwa.

Ili kuziba pengo hilo, Shirika la Anga za Juu la Ujerumani, DLR, kwa kushirikiana na Taasisi ya Alfred Wegener, lilipeleka huko shamba lililojengwa ndani ya makontena, liitwalo EDEN ISS.

Shamba hilo halikuwa na udongo. Itifaki ya mwaka 1991 ya kulinda mazingira ya Antaktika huzitaka nchi ziepuke kuingiza udongo usiotakaswa, kwa kuwa unaweza kubeba vijidudu na mbegu ngeni. Kwa hiyo mizizi ya mimea ilining'inia hewani ndani ya trei zilizofunikwa, nayo ilinyunyiziwa ukungu wa maji yenye virutubisho. Taa za LED zilishika nafasi ya jua, huku joto, unyevu na kiwango cha hewa ya ukaa vikidhibitiwa kwa mitambo.

Mavuno ya kwanza, ya Aprili 2018, yalikuwa kilo 3.6 za saladi, matango 18 na figili 70. Katika muda wa miezi tisa na nusu, eneo la mita za mraba 12.5 pekee lilitoa kilo 268 za chakula, zikiwemo kilo 117 za saladi, 67 za matango na 50 za nyanya.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama. Taa na mitambo ilihitaji umeme bila kukoma, mahali ambapo sehemu kubwa ya nishati hutokana na dizeli iliyosafirishwa kutoka mbali. Mhandisi Paul Zabel, aliyelitunza shamba mwaka huo, alilazimika kuvuka theluji ili kulifikia. Dhoruba ilipomzuia, wenzake mjini Bremen waliiangalia mimea kwa kamera.

Lengo la DLR liko mbali zaidi ya Antaktika. Wanaanga watakaoishi Mwezini au katika sayari ya Mihiri hawataweza kungojea shehena ya mboga kutoka duniani. Itawabidi wajilimie wenyewe. Kwa wakazi wa Neumayer, hata hivyo, faida ilionekana papo hapo: harufu ya jani bichi katikati ya usiku wa miezi miwili.