Binti wa Othaya na vyuo vya Marekani: kabla hujampa wakala pesa za bonasi

Dada yangu aliolewa Othaya, na kila bonasi ya majani chai inapotoka, simu ya shemeji huwa ya furaha. Mwaka jana haikuwa hivyo. "Shemeji," aliniambia, "kuna mtu anataka bonasi yote. Anasema ndani ya miezi mitatu msichana atakuwa Marekani na ufadhili kamili."

Msichana mwenyewe ni mpwa wangu, yuko kidato cha tatu. Tenisi alijifunza kwa kupiga mpira ukutani, hadi mwalimu mmoja alipochora mistari kwenye kiwanja cha netiboli. Ana kipaji, hilo sibishi. Nilimwomba shemeji asilipe hata shilingi kwanza, nikaanza kuulizia. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa sababu wazazi wa Mombasa na Kilifi nao wanapigiwa simu kama hizo.

Njia yenyewe ipo kweli. Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake Nairobi, alitwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Mwaka 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Lakini huhitaji kufika Wimbledon. Michezo ya vyuo inasimamiwa na NCAA kwa madaraja matatu, na kando yake kuna NAIA na vyuo vya miaka miwili. Daraja la tatu la NCAA halitoi ufadhili wa michezo kabisa, ila chuo kinaweza kumsaidia mwanafunzi kwa masomo yake au kwa uhitaji wa familia. Wasichana wamekuwa na bahati zaidi: kwa miaka mingi timu ya wanawake ya daraja la kwanza iliruhusiwa nafasi 8 za ufadhili kamili, ya wanaume 4.5 tu za kugawana.

Anayechagua mchezaji ni kocha wa chuo. Wakala hana nafasi ya kuuza. Huduma ya kukutafutia vyuo si haramu ikitoza ada inayojulikana, lakini kanuni za NCAA hazikubali malipo yanayotegemea mtoto kupata chuo au kiasi cha ufadhili. Yule bwana alitaka bonasi yote sasa na "asilimia kidogo" baadaye. Nilipomuuliza ni chuo gani, alikata simu.

Kocha hutazama kwanza namba. Kipimo kinachotumika sana ni UTR, kuanzia 1 hadi 16.5, na hupandishwa na mechi zilizorekodiwa. Ukuta wa Othaya haurekodi chochote. Kwa hiyo sehemu ya bonasi ilikwenda kwenye nauli za matatu na ada za mashindano ya Nairobi. Likizo ya Desemba akaja kwangu Mombasa, na siku tatu za mwanzo kila mpira ulianguka karibu na wavu. "Mjomba, mipira yenu ni mizito!" Si mipira, ni hewa. Kule milimani hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali; vyuo vingi viko kwenye tambarare, kwa hiyo jasho lile la pwani lilimfaa.

Video tulimrekodia kwa simu iliyofungwa kwenye uzio nyuma ya mstari: pointi nzima nzima, pamoja na alizopoteza, bila muziki. Barua pepe aliandika mwenyewe, maana kocha anataka kumsikia mchezaji, si mjomba. Kocha wa daraja la kwanza haruhusiwi kumjibu mwanafunzi kabla ya tarehe 15 Juni baada ya mwaka unaolingana na kidato cha pili, kwa hiyo ukimya wa mtoto mdogo si kukataliwa.

Masomo ndiyo yanayowaangusha wengi. Daraja la kwanza linadai masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3, kwa hiyo tunza ripoti za shule tangu kidato cha kwanza. Tunza pia risiti ya kila zawadi ya pesa. Tena asikae nyumbani sana: kanuni ya tenisi imekuwa ikimpa mchezaji miezi 6 baada ya sekondari, au nafasi ya kwanza ya kusajiliwa baada ya hapo. Akizidisha huku anacheza mashindano, anapoteza msimu. Anayefanya KCSE Novemba alenge Agosti inayofuata.

Na ufadhili wa nusu si bure. Fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna viza ya mwanafunzi, huonyesha gharama za mwaka na nani atazilipa. Shemeji alipoona hesabu hiyo alinyamaza sana, kisha akauliza vyuo vya miaka miwili ni bei gani.

Mpwa wangu ameandikia makocha ishirini na wawili. Wanne wamejibu. Watatu wamesema hapana kwa adabu, na mmoja ameomba video nyingine, ya bekihendi tu. Tutairekodi Jumamosi, mvua ikiruhusu.