MALI BILA DAFTARI: KUMBUKUMBU ZA MADUKA YA MJINI

Methali yetu yasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka ndiye anayeonywa kwanza, lakini onyo hilo laufaa mji mzima. Mji wetu wa Unguja ulikuwa na mali kubwa ya aina yake, nayo ni maduka yake: si bidhaa zilizokuwamo tu, bali namna watu walivyouziana, walivyopimiana, walivyokopeshana na walivyojuana. Sehemu kubwa ya mali hiyo imo katika vichwa vya wazee, na wazee hao wanapungua mwaka hadi mwaka. Yatupasa tujiulize kama tutaiacha ipotee bila habari.

Tangu karne ya 19 miji mikubwa ya Ulaya ilijijengea maduka makuu, yaani jengo moja lenye idara nyingi, ambamo mnunuzi hupanda ngazi kutoka kwenye vitambaa hadi kwenye viatu, na kutoka kwenye viatu hadi kwenye vyombo. Jijini Paris, Le Bon Marché lilianza kujipatia sifa hiyo mwaka 1852 chini ya Aristide Boucicaut, na miongoni mwa mambo yaliyolipa umaarufu ni bei kuandikwa juu ya bidhaa ili pasiwe na kupatana. Duka kuu letu sisi halikuwa na paa moja wala ngazi. Lilikuwa mji wenyewe. Idara zake zilikuwa mitaa, na njia za kutoka idara moja hadi nyingine zilikuwa vichochoro vya Mji Mkongwe.

Mlango wa duka hilo ulikuwa Darajani. Jina hilo limebaki kutokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, kabla maji hayo hayajafukiwa katika karne ya 20. Hapo ndipo lilipofunguliwa mwaka 1904 soko lililopewa jina la Estella, ingawa wananchi walilizoea kwa jina la Darajani. Nyama, samaki, viungo na matunda vilipatikana hapo. Kutoka sokoni mnunuzi aliingia Mchangani kutafuta doti ya kanga, kisutu cha bibi arusi au kitambaa cha kushonesha. Wako waliokwenda Sokomuhogo, mtaa ambao jina lake lenyewe latangaza kilichokuwa kikiuzwa. Walikuwapo masonara, wauza mabati na misumari, mafundi saa, na mafundi cherehani waliokaa barazani na vyerehani vyao vya kukanyaga kwa mguu. Mtu wa shamba, awe wa Makunduchi, wa Chwaka au wa Nungwi, alishuka asubuhi na haja zake zote kichwani, na kabla ya gari la kurudi alikuwa amekwisha kuzitimiza kwa miguu yake mwenyewe.

Duka lenyewe mara nyingi lilikuwa chumba cha chini cha nyumba, na mwenye duka akiishi ghorofani pamoja na jamaa zake. Mlango wake wa mbao, wa mtindo wa Kigujarati, ulitengenezwa kwa vipande vyenye kukunjana. Ukifunguliwa wote, duka na njia vikawa kitu kimoja. Mnunuzi hakulazimika kuingia ndani. Aliketi barazani, akataja haja yake, na bidhaa zikamfuata pale alipo. Mchele ulipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vikawa pishi. Karafuu zilihesabiwa kwa frasila, ambayo ni ratli 35. Nguo ilipimwa kwa wari. Fedha nayo ina historia yake: rupia ilitumika Unguja na Pemba hadi mwaka 1936, iliposhika nafasi yake shilingi ya Afrika Mashariki, kwa kiwango cha shilingi moja na senti hamsini kwa kila rupia.

Bei haikuandikwa popote, ilipatanwa. Wageni waliona kupatana kuwa ni usumbufu, lakini wenyeji walijua kwamba biashara haigombi. Kati ya bei ya kwanza na ya mwisho ziliulizwa hali za wagonjwa, zikapokewa habari za misiba, zikapelekwa salamu za arusi. Mtoto aliyetumwa dukani na mama yake alikuwa chini ya macho ya mwenye duka kama alivyokuwa chini ya macho ya jirani, na akichelewa njiani habari ilimtangulia nyumbani.

Juu ya yote hayo palikuwa na daftari la mkopo. Mkulima wa karafuu hakuwa na fedha mkononi mwaka mzima. Katika miezi ya ukata alichukua mchele, mafuta ya taa na nguo za sikukuu kwa kuandikiwa, akalipa msimu wa mavuno ulipofika. Muuza duka wa shamba naye alikuwa amekopa kwa tajiri wa mjini, na tajiri wa mjini alikopa kwa nyumba kubwa zaidi zilizoagiza bidhaa kutoka nje. Hivyo kanga iliyovaliwa Wete siku ya Idi ilikuwa imefungwa kwa uzi mmoja na meli iliyotia nanga Unguja, na uzi huo ulikuwa neno la mtu. Pemba, ambako ndiko karafuu nyingi zaidi huvunwa, maduka ya Wete, Chake Chake na Mkoani yalilala na kuamka kwa kufuata mikarafuu.

Hata hivyo, kumbukumbu isiyopimwa kwa mizani ya haki hugeuka kuwa ngano ya kujifurahisha. Daftari lile lile lililomvusha mkulima katika ukata ndilo lililomfunga. Wengi waliuza karafuu zao zingali mtini, kwa bei iliyokatwa kabla ya mavuno, na deni la mwaka mmoja likazaa deni la mwaka wa pili hadi shamba lenyewe likawa rehani. Mambo yalifikia hadi serikali ya kikoloni, mwaka 1934, ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo kwa ajili ya madeni. Mwaka 1937, ilipoukabidhi Umoja wa Wakulima wa Karafuu madaraka makubwa juu ya zao hilo, wafanyabiashara wa Kihindi walisusia ununuzi wa karafuu, na mvutano huo haukwisha hadi mwaka 1938. Baadaye, katika zama za siasa zilizoanza mwaka 1957, watu walisusiana maduka kwa sababu ya chama na kabila. Baraza iliyowakutanisha majirani miaka mingi ikawa mpaka kati yao.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaligeuza sura ya mji. Wapo wenye maduka waliopoteza maisha, wapo waliohama, na majumba mengi yalitaifishwa. Serikali ikachukua jukumu la kuagiza bidhaa kutoka nje, kwa nia kwamba mnyonge asitegemee tena hisani ya tajiri. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, sukari na unga vikawa vitu vya mgao, na foleni ikashika mahali pa baraza. Wako waliozaliwa katika miaka hiyo ambao kumbukumbu yao ya kwanza ya duka ni rafu tupu na mkono wa mama ulioshika kadi. Hiyo nayo ni kumbukumbu halali, na yastahili kuandikwa kama zile za marashi na hariri.

Mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar na Seif Sharif Hamad akiwa Waziri Kiongozi, masharti ya biashara yalianza kulegezwa, na wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Rafu zikajaa tena. Lakini maduka yaliyorudi hayakuwa yale yaliyoondoka. Bei ya karafuu duniani ilikuwa imeanguka, na mkopo wa kungoja mavuno ukapoteza msingi wake. Utalii ulipopanda, mtaa kama wa Gizenga ukageukia vinyago, picha za kuchora na viungo vya kufungwa katika vipakiti vya wageni. Hatusemi kwamba ni vibaya. Kila zama na soko lake, na vijana wanapata riziki humo. Tunasema tu kwamba mwenyeji anayepita mtaa huo leo haitwi tena kwa jina lake.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mwaka 1985 Serikali iliunda Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji huo ukatiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Sheria zetu zinajua kulinda ukuta, mlango na roshani, na hata kuta zenyewe hazina dhamana. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba kubwa kama lile, lililoonwa na kila jicho, laweza kuanguka, itakuwaje kwa kitu kisichoonekana, kama vile desturi ya dukani, jina la kipimo, au hesabu iliyomo katika daftari lililoliwa na mchwa?

Kwa hiyo tunatoa rai zetu kwa wahusika, tukitumaini zitapokewa kwa moyo ule ule zinaotolewa.

Kwanza, Nyaraka za Taifa pale Kilimani ziwaite wananchi wenye madaftari ya zamani, stakabadhi, picha na mabango ya maduka, wayapeleke yahifadhiwe au yanakiliwe. Madaftari mengi ya wafanyabiashara wa Kihindi yaliandikwa kwa Kigujarati, na wanaoweza kuyasoma hapa visiwani hawaongezeki. Kazi ya kuyafasiri isingoje kizazi kingine.

Pili, Mamlaka ya Mji Mkongwe iorodheshe maduka kama inavyoorodhesha majumba. Duka la zamani linapofungwa au kugeuzwa matumizi, iandikwe lilikuwa la nini, liliuza nini na kwa nani. Mlango wa kukunjana na baraza yake visiondolewe kwa kisingizio cha kupanua nafasi, kwani vikiondoka hivyo, kinachobaki ni chumba tu.

Tatu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Baraza la Kiswahili la Zanzibar wawatume vijana wakawasikilize wazee, wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo, wa Unguja na wa Pemba. Wasiwaulize wenye maduka peke yao, bali na wanunuzi, wachukuzi, mafundi na wadeni. Maneno ya vipimo na ya kupatana bei ni sehemu ya lugha yetu, na lugha haihifadhiwi kwa kusifiwa, huhifadhiwa kwa kuandikwa na kutumiwa.

Nne, wanaopanga masoko na majengo mapya ya biashara wakumbuke kwamba mnunuzi si mfuko wa fedha unaotembea. Hatupingi majengo mapya yenye taa na vipoza hewa. Wananchi wanayahitaji na wanayafurahia. Lakini iachwe pia nafasi ya muuzaji mdogo, na pawepo mahali pa mtu kuketi asinunue kitu. Baraza haikumgharimu mwenye duka chochote zaidi ya saruji na subira, nayo ilimletea wateja wa miaka arobaini.

Na sisi wananchi tusiiachie Serikali kila kitu. Katika kila nyumba yumo babu au bibi anayejua ni duka lipi liliwakopesha watu mchele mwaka wa ukata, na ni lipi lililojulikana kwa kibaba pungufu. Aulizwe leo, naye atasema. Aandikiwe jina la duka, la mtaa na la mwaka, na karatasi hiyo iwekwe pamoja na hati za nyumba. Mali yetu hiyo ingali na wenyewe walio hai. Kilichopungua ni daftari.